Mshindani Aliyeharibu Mkataba na Jina: Nani Adaiwe, na kwa Lipi?

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: “Nina kampuni inayofanya matengenezo ya jenereta. Tulikuwa na mkataba wa miaka 3 na mteja mmoja mkubwa, na ulikuwa umebakiza mwaka mmoja na nusu. Mshindani wangu, ambaye aliutaka mkataba huo tangu mwanzo, alimwandikia meneja wa manunuzi wa mteja barua pepe akisema kwamba ninafunga vipuri bandia, kwamba ninachunguzwa na mamlaka, na kwamba kwa maoni yake mimi ni tapeli. Nakala alizituma kwa watu wengine watano, mmoja wao akiwa mteja mtarajiwa ambaye tulibakiza kutia saini tu. Wiki mbili baadaye mteja wangu alisitisha mkataba, na yule mtarajiwa akaacha kupokea simu zangu. Je, ninaweza kumdai mshindani kwa kuvunja mkataba wangu na pia kwa kunikashifu, au wa kudaiwa ni mteja peke yake?”

Ndugu msomaji, mteja si mtu pekee unayeweza kumdai. Mkataba huwafunga waliotia saini, lakini sheria ya madhara, yaani ile inayomtaka mtu amfidie aliyemdhuru hata kama hawana mkataba, humwajibisha pia mtu wa nje anayemshawishi mmoja wao auvunje, na kwa msingi mwingine kabisa humwajibisha anayelichafua jina la mwenzake. Hata hivyo naona umeyaunganisha mambo ambayo mahakama itayatenganisha. Barua pepe hiyo moja inaweza kuzaa madai manne, kila moja likilinda kitu tofauti na kuhitaji ushahidi tofauti, na kwa maelezo uliyonipa, lile uliloliweka mbele, la kuvunjiwa mkataba, huenda ndilo dhaifu kuliko yote. Nguvu yake haitokani na ubaya wa maneno ya mshindani. Inatokana na maneno ya barua ambayo mteja wako alikuandikia kusitisha mkataba, na hukuniambia barua hiyo inasemaje.

Ninajibu kwa kufuata kanuni zilizokuzwa na mahakama za Uingereza, ambazo nchi nyingi za Jumuiya ya Madola na Marekani wamezirithi na kuzirekebisha. Pale Marekani inapokwenda njia yake nitasema, kwa sababu tofauti hizo zinagusa hali yako moja kwa moja. Sheria zilizotungwa na bunge la nchi yako zinaweza kubadilisha baadhi ya masharti, hasa ya kashfa na ya ukomo wa muda wa kufungua shauri, na hayo wakili wako atayapima.

Dai la kuingilia mkataba lilipata umbo lake katika shauri la Lumley dhidi ya Gye la mwaka 1853. Benjamin Lumley, aliyeendesha jumba la opera London, alikuwa na mkataba na mwimbaji wa Kijerumani, Johanna Wagner, kwamba angeimba kwake kwa kipindi maalumu na asiimbe pengine bila idhini yake. Frederick Gye, aliyeendesha opera ya Covent Garden, akamwahidi malipo makubwa zaidi ahamie kwake. Mwaka 1852 Lumley alikuwa amekwisha kupata amri ya kumzuia Wagner asiimbe kwa mshindani, lakini zuio halikuweza kumlazimisha apande jukwaani kwake, na hasara ikabaki pale pale. Ndipo majaji kwa wingi wao wakakubali kwamba Gye, ingawa hakuwa na mkataba wowote na Lumley, angeweza kuwajibishwa kwa kumshawishi Wagner kwa makusudi avunje wa kwake. Kinachosahauliwa mara nyingi ni jinsi shauri lenyewe lilivyoisha: ukweli wa mambo ulipopelekwa mbele ya baraza la waamuzi, yaani raia wa kawaida walioitwa kuamua nini kilitokea, Gye alishinda, kwa sababu waliamini kwamba kwa dhati alidhani mkataba haukumfunga tena mwimbaji yule. Lumley aliwaachia wengine kanuni kubwa, yeye mwenyewe akaondoka mikono mitupu.

Mwisho huo unabeba masharti mawili yanayokuhusu. La kwanza ni kwamba lazima mkataba uwe umevunjwa kweli. Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, lilisisitiza jambo hili mwaka 2007 katika shauri la OBG dhidi ya Allan, likaeleza kwamba kosa la mshawishi hupanda juu ya kosa la mvunja mkataba, kwa hiyo lisipokuwepo la pili, la kwanza halina pa kusimama. Sasa fungua mkataba wako utafute kifungu cha usitishaji. Mikataba mingi ya huduma humruhusu kila upande kujitoa kwa notisi, pengine ya siku 30 au 60, bila kulazimika kutoa sababu. Ikiwa barua ya mteja inasema, “Kwa mujibu wa kifungu cha usitishaji tunakupa notisi ya siku 60,” na siku hizo kweli zilitimizwa, mteja hakuvunja chochote; alitumia haki ambayo wewe mwenyewe uliikubali ulipotia saini, na mshindani aliyemshawishi alimshawishi afanye jambo halali. Lakini ikiwa barua inasema, “Kutokana na taarifa tulizopata kuhusu vipuri, mkataba umesitishwa kuanzia leo,” mambo yanageuka. Hapo mteja anadai kwamba wewe ndiye uliyeuvunja kwanza. Kama vipuri vyako ni halali, dai hilo halina msingi, na yeye ndiye mvunjaji. Na hata kama alikuwa na malalamiko ya haki, angalia kama mkataba ulimtaka akuandikie kwanza na kukupa muda wa kurekebisha kasoro kabla ya kuchukua hatua hiyo. Nimeona watu wakitumia nguvu nyingi kuchambua kila neno la mshindani huku barua ya mteja, yenye sentensi moja au mbili, ikiwa haijasomwa na mtu yeyote kwa makini.

Mahakama za Marekani ni pana zaidi hapa. Muhtasari wa sheria ya madhara uliotolewa na Taasisi ya Sheria ya Marekani mwaka 1979, ambao mahakama nyingi za majimbo huufuata, unakiri kwamba hata mkataba unaoweza kusitishwa wakati wowote unastahili kulindwa maadamu bado uko hai, na swali kuu kwao ni kama njia aliyotumia mwingiliaji ilikuwa isiyofaa. Mshindani anayemvuta mteja kwa bei nafuu au kazi bora, mkataba wa mteja huyo ukiwa ni wa kusitishwa wakati wowote, hana hatia. Anayemvuta kwa uongo hana kinga hiyo. Kwa kipimo hicho, uongo wa mshindani wako una uzito kuliko kifungu cha usitishaji. Ndiyo maana siwezi kukuambia kwa neno moja kwamba dai lako lipo au halipo.

Sharti la pili ni ujuzi na kusudi. Haitoshi kwamba kitendo cha mshindani kilisababisha mkataba uvunjike; lazima awe alijua kwamba anachokihimiza ni uvunjaji wa mkataba, na akakikusudia ama kama lengo lenyewe ama kama njia ya kufikia lengo lake. Anayefumba macho kwa makusudi ili asijue huhesabiwa kuwa amejua, lakini aliyekosea kwa nia njema huponyoka. Katika shauri hilo la 2007 mmoja wa wadaiwa alikuwa ameuliza mapema kama mradi alioutia fedha ungegongana na wajibu wa watu aliokuwa akishirikiana nao kwa mwajiri wao, akahakikishiwa kwamba haungegongana, na akaamini hivyo ingawa haikuwa kweli. Hakuwajibika. Kwako wewe, kuwa mshindani aliutaka mkataba huo tangu mwanzo kunaonyesha kwamba alijua upo. Hakuonyeshi kwamba alijua mteja hana haki ya kuusitisha. Kama barua pepe yake ina maneno ya aina ya “mfukuzeni hata kabla ya muda kwisha, sisi tutawabeba,” huo ni ushahidi wa moja kwa moja. Kama inatoa taarifa tu na kumwachia mteja aamue, itakuwa vigumu zaidi kuithibitisha kama ushawishi.

Kuna pia utetezi wa sababu halali, ingawa hukubaliwa kwa nadra. Mwaka 1924, katika Brimelow dhidi ya Casson, viongozi wa vyama vya wasanii waliwashawishi wenye majumba ya maonyesho wavunje mikataba yao na meneja mmoja ambaye aliwalipa wacheza dansi wa kike ujira duni kiasi cha baadhi yao kulazimika kuuza miili yao ili waishi. Mahakama ilisema viongozi hao walikuwa na sababu iliyowahalalisha. Kutaka biashara ya mwenzako hakujawahi kuhesabiwa miongoni mwa sababu hizo. Na gharama ya kuingilia inaweza kuwa kubwa mno: mwaka 1985 baraza la waamuzi mjini Houston liliiamuru kampuni ya mafuta ya Texaco iilipe kampuni ya Pennzoil zaidi ya dola bilioni 10 kwa kuingilia makubaliano ya ununuzi wa Getty Oil. Texaco ililazimika kuomba ulinzi wa mufilisi mwaka 1987, na hatimaye pande hizo zikapatana kwa dola bilioni 3.

Yule mteja mtarajiwa ni suala jingine. Kwake hapakuwa na mkataba, kwa hiyo hapakuwa na cha kuvunjwa, na kanuni ya Lumley haikusaidii. Kuna hata hivyo dai la pili, la kusababisha hasara kwa njia haramu, ambalo halihitaji mkataba uliokwisha kutiwa saini. Mfano wake wa kale ulitokea pwani ya Kamerun mwishoni mwa karne ya 18, ambapo nahodha wa meli moja ya Kiingereza alipiga mzinga kuwatisha wenyeji waliokuwa wakiijongea kwa mtumbwi meli ya mshindani wake ili kufanya biashara nayo. Katika Tarleton dhidi ya M’Gawley nahodha huyo aliwajibishwa, ingawa wenye meli ile nyingine hawakuwa na mkataba wowote na watu wa mtumbwi. Walichopoteza ni nafasi ya biashara, na kilichofanya kosa liwe kosa ni mzinga.

Mshindani wako hakutumia mzinga, alitumia maneno. Kwa mujibu wa uamuzi wa 2007, njia huwa haramu katika dai hili pale ambapo yule mtu wa tatu aliyetendewa, yaani mteja mtarajiwa, naye angekuwa na haki ya kumdai mtendaji iwapo angepata hasara. Kumdanganya mtu kwa makusudi ili afanye uamuzi fulani ni hadaa, na hadaa ni kosa linalodaiwa, hivyo uongo wa makusudi aliomwambia mtarajiwa ili asifanye kazi nawe unaweza kuingia. Nasisitiza neno makusudi. Mtu aliyesema jambo lisilo kweli huku akiliamini hakumhadaa mtu. Wala nia mbaya peke yake haitoshi: tangu mashauri makubwa ya miaka ya 1890, sheria ya Uingereza imeshikilia kwamba kitendo halali cha mtu mmoja hakigeuki kuwa haramu kwa sababu tu mtendaji alikuwa na kinyongo. Ushindani mkali unaomuumiza mwenzako unaruhusiwa. Unachohitaji kuonyesha ni uongo wenyewe na kwamba mwenye kuusema aliujua kuwa uongo.

Sasa nije kwenye kashfa, ambako ninaamini ndiko nguvu yako iliko. Hapa hulazimiki kuthibitisha kwamba mkataba ulivunjwa, wala, chini ya kanuni za Uingereza, kwamba mshindani alijua anasema uongo. Unathibitisha kwamba maneno yalimfikia mtu mwingine asiye wewe, kwamba yanakuhusu, na kwamba yanakushusha hadhi machoni pa watu wenye fikra timamu katika jamii, kipimo alichokiweka jaji Lodi Atkin mwaka 1936 katika Sim dhidi ya Stretch. Sheria huchukulia kwamba maneno yenye kukashifu si kweli mpaka aliyeyasema athibitishe kuwa ni kweli. Marekani mzigo huo humwangukia mdai pale vyombo vya habari vinapozungumzia jambo lenye maslahi kwa umma, na hata mtu wa kawaida asiye maarufu hutakiwa, katika mambo kama hayo, aonyeshe angalau uzembe wa msemaji.

Barua pepe hiyo ina kauli tatu ambazo hazilingani hata kidogo. Ya kwanza, kwamba unafunga vipuri bandia, ni tuhuma ya jambo la hakika linaloweza kupimwa: ama risiti za wasambazaji na nambari za vipuri zinaonyesha ni halisi, ama hazionyeshi. Ni tuhuma inayokugusa moja kwa moja katika kazi yako, na kwa maoni yangu ndiyo unayopaswa kuiweka mbele. Ya pili, kwamba unachunguzwa, inahitaji uangalifu. Katika miaka ya 1960 Baraza la Malodi, katika Lewis dhidi ya Daily Telegraph, lilikataa hoja kwamba habari ya kuwa polisi wanachunguza mambo ya kampuni ina maana kwamba kampuni hiyo imefanya udanganyifu. Msomaji wa kawaida anajua kwamba uchunguzi si hatia. Maneno hayo yanaweza kumaanisha kwamba una hatia, au kwamba kuna sababu za msingi za kukushuku, au kwamba kuna sababu ya kuchunguza tu, na mdaiwa atatakiwa kuthibitisha ukweli wa maana ile ambayo mahakama itaikubali. Kwa hiyo ikiwa mamlaka yoyote iliwahi kukuhoji juu ya vipuri, hata kama ilikusafisha, mwambie wakili wako mapema, kwa sababu upande wa pili utalitafuta jambo hilo na utalipata. Vilevile mshindani hataokoka kwa kusema “nilisikia tu”. Anayerudia tuhuma huchukuliwa kana kwamba ameitoa mwenyewe.

Kauli ya tatu, kwamba “kwa maoni yangu ni tapeli,” ndiyo inayokuuma zaidi, nami naielewa hasira yako, lakini ndiyo iliyo karibu zaidi na kinga. Maoni ya dhati yaliyojengwa juu ya mambo ya kweli hulindwa hata yakiwa makali au ya kuudhi. Hata hivyo kuweka “kwa maoni yangu” mbele ya tuhuma hakuigeuzi kuwa maoni. Mahakama Kuu ya Marekani ililisema hilo wazi mwaka 1990 katika Milkovich dhidi ya Lorain Journal: anayesema kwamba kwa maoni yake mtu fulani ni mwongo anadokeza kwamba kuna mambo anayoyajua yanayoonyesha hivyo. Hapa neno “tapeli” limesimama juu ya ile tuhuma ya vipuri. Tuhuma ikianguka, maoni yanabaki hewani. Ikithibitishwa kuwa kweli, maoni nayo yatasalimika.

Utetezi utakaoukuta mapema zaidi ni kinga yenye masharti. Sheria humlinda mtu aliyesema jambo lisilo kweli kwa nia njema ikiwa alikuwa na wajibu au maslahi halali ya kulisema, na aliyeambiwa alikuwa na wajibu au maslahi yanayolingana ya kulisikia. Mshindani atasema kwamba meneja wa manunuzi alikuwa na haki ya kujua ubora wa vipuri vinavyofungwa katika jenereta zake, na kwa upande wa meneja hoja hiyo ina mashiko. Udhaifu wake uko upande wa msemaji: mtu ambaye hakuulizwa, na ambaye atanufaika mwenzake akiondolewa, atapata tabu kuonyesha kwamba ulikuwa ni wajibu uliomsukuma.

Hapo ndipo zile nakala tano zinapokuwa muhimu. Kinga hupimwa kwa kila mpokeaji peke yake. Katika Watt dhidi ya Longsdon, mwaka 1930, mkurugenzi wa kampuni alipokea barua yenye tuhuma za mwenendo mbaya dhidi ya mmoja wa wakuu wa kampuni aliyekuwa akifanya kazi nje ya nchi. Aliionyesha kwa mwenyekiti wa kampuni, kisha akaionyesha kwa mke wa mtuhumiwa. Barua ilikuwa ile ile na tuhuma zile zile, lakini mahakama ilisema kumwonyesha mwenyekiti kulilindwa na kumwonyesha mke hakukulindwa. Andika basi majina ya wapokeaji watano, na mbele ya kila jina uandike kazi yake na sababu, kama ipo, ya yeye kuambiwa habari za vipuri vya mteja wako. Ukikuta wawili hawana uhusiano wowote na jenereta hizo, kwa hao wawili kinga karibu imekwisha.

Na hata palipo na kinga, nia ovu huivunja. Nia ovu hapa haina maana ya chuki tu. Katika Horrocks dhidi ya Lowe, mnamo miaka ya 1970, Lodi Diplock alieleza kwamba anayeamini kwa dhati anachosema hulindwa hata kama imani yake imetokana na upendeleo au haraka ya kuhukumu. Anayepoteza kinga ni yule asiyeamini maneno yake, au asiyejali kabisa kama ni kweli au uongo, au anayeitumia fursa hiyo kwa lengo lisilo halali linalotawala mengine yote. Swali la kumuuliza mshindani mahakamani ni rahisi: ulipata wapi habari hizi, na ulifanya nini kuzihakiki kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma?

Usidhani kwamba wapokeaji wachache wanalifanya jambo liwe dogo. Mwaka 1985 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua shauri la Dun & Bradstreet dhidi ya Greenmoss Builders, ambapo taarifa ya siri kwamba kampuni ya ujenzi imefilisika, ambayo haikuwa kweli, ilikuwa imetumwa kwa wateja watano tu. Chanzo chake kilikuwa kijana wa miaka 17 aliyeajiriwa kupekua kumbukumbu za mahakama, ambaye aliihesabia kampuni ufilisi wa aliyekuwa mfanyakazi wake. Baraza la waamuzi lilitoa fidia ya dola 50,000 na fidia ya adhabu ya dola 300,000, na mahakama hiyo ikaiacha hukumu isimame. Uingereza, kwa upande wake, imekaza masharti: Sheria ya Kashfa ya mwaka 2013 inataka maneno yawe yamesababisha au yaelekee kusababisha madhara makubwa kwa jina la mdai, na kwa kampuni ya biashara madhara hayo lazima yawe ni hasara kubwa ya kifedha. Mwaka 2019, katika Lachaux, Mahakama ya Juu ilisema madhara hayo yathibitishwe kwa mambo yaliyotokea, si kwa ukali wa maneno peke yake.

Hilo linaibua swali ambalo hukulitaja: mdai ni nani? Mkataba ulitiwa saini na kampuni, kwa hiyo hasara ya mkataba ni ya kampuni. Neno “tapeli” limekupiga wewe binafsi. Kampuni haina hisia za kuumizwa na haiwezi kulipwa fidia ya fedheha, ilhali wewe unaweza. Nawe huwezi kudai kwa jina lako faida ambayo ilikuwa iingie kwenye akaunti ya kampuni. Mara nyingi inafaa mfungue shauri wote wawili pamoja, kila mmoja akieleza madhara yake.

Dai la nne ni uongo wenye nia ovu. Tofauti yake na kashfa ni kwamba halilindi jina bali maslahi ya kifedha, na mzigo wote uko kwako: uthibitishe kwamba maneno ni uongo, kwamba yalisemwa kwa nia ovu, na kwamba yalileta au yalielekea kuleta hasara. Katika Ratcliffe dhidi ya Evans, mwaka 1892, gazeti liliandika kana kwamba biashara ya fundi wa mitambo na boila imefungwa. Fundi hakuweza kumtaja mteja hata mmoja aliyempoteza, lakini vitabu vyake vilionyesha biashara imeshuka, na hilo likatosha. Wewe una wateja wawili wa kuwataja kwa jina. Onyo la karibuni zaidi lilitolewa na Mahakama ya Juu ya Uingereza Juni 2024. Mfanyakazi wa wakala wa ajira alihamia kampuni shindani, na aliyekuwa bosi wake akamwambia mteja mmoja na mwajiri mpya kwamba anakiuka mkataba wake kwa kuwafuata wateja wa zamani, jambo lililokuwa uongo na lililosemwa kwa nia ovu. Majaji watatu kati ya watano waliona kwamba kosa limethibitishwa, lakini kwa kuwa hasara ya fedha haikutokea kweli, alistahili fidia ndogo ya ishara tu, na maumivu ya moyo hayakulipwa.

Ukiyafungua madai haya pamoja, tarajia mambo mawili. Hasara moja italipwa mara moja. Faida ya mwaka mmoja na nusu uliobaki haiwezi kudaiwa kwa mteja kama uvunjaji wa mkataba, kisha ikadaiwa tena kwa mshindani kama ushawishi. Pili, kubadilisha jina la dai hakuondoi kinga za uhuru wa kusema. Katika shauri la NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, dhidi ya Claiborne Hardware, wafanyabiashara wa Mississippi walikuwa wameshinda katika mahakama za jimbo fidia ya zaidi ya dola milioni moja dhidi ya raia weusi waliohimiza watu wasinunue katika maduka yao. Mwaka 1982 Mahakama Kuu ya Marekani ilitengua hukumu hiyo kwa sababu himizo la amani lilikuwa haki yao, hata kama lilikusudiwa kuathiri biashara. Na muhtasari ule wa 1979 unasema bayana kwamba kumpa mtu taarifa za kweli si uingiliaji usiofaa wa mkataba. Kwa hiyo kama vipuri vilikuwa bandia, hata kwa bahati mbaya ya msambazaji, madai yako mengi yanaporomoka kwa pamoja. Uhakiki wa vipuri utangulie barua ya wakili.

Usitegemee sana pia amri ya kumzuia mshindani kabla ya hukumu. Tangu Bonnard dhidi ya Perryman, mwaka 1891, mahakama za Uingereza husita kutoa zuio la muda dhidi ya maneno ambayo mdaiwa anasema atayathibitisha kuwa kweli.

Kwa sasa, hifadhi barua pepe hiyo katika hali yake ya kielektroniki, si picha ya skrini tu, na umuombe aliyekuonyesha akuhifadhie ya kwake. Mwandikie mteja kwa adabu, ukimwambatishia risiti za vipuri, na umuulize ni sababu gani hasa iliyomfanya asitishe. Jibu lake la maandishi linaweza kuwa ushahidi wako bora wa kiungo kati ya maneno na hasara, na huenda likamfanya abadili uamuzi. Usimjibu mshindani hadharani kwa kumwita mwizi wa wateja. Sheria humruhusu aliyeshambuliwa kujitetea, lakini jibu linalovuka mipaka ya shambulio litampa mshindani dai lake dhidi yako. Kisha hesabu siku. Uingereza muda wa kufungua shauri la kashfa au la uongo wenye nia ovu ni mwaka mmoja, wakati yale madai mengine mawili hupewa miaka 6, na nchi nyingi zina mgawanyo wa aina hiyo hiyo. Saa ya kashfa ilianza kwenda siku ile barua pepe iliposomwa na mpokeaji wake wa kwanza, wiki mbili kabla mteja hajasitisha mkataba.